Siku Nondo Alipopigwa Picha

Kuku ndio waliomwona kwanza. Bi Mwanamvua alikuwa akifagia chini ya mpera, nyuma ya nyumba, akaona mitetea miwili imenyoosha shingo, inatazama kitu kinachotoka ardhini. Akadhani nyoka, akainua fagio. Lakini kilichotoka kilikuwa kidudu cha kahawia, kinene kama kidole gumba, kina miguu yenye manyoya, na mgongoni kimebeba vitambaa vilivyokunjamana kama leso iliyokamuliwa. Kikaanza kupanda shina la mpera, kinateleza, kinashika tena.

"Shii! Tokeni!" Akawafukuza kuku, akatoa kigoda kilichokuwa jikoni, akakaa karibu na shina, fagio mapajani kama askari wa zamu.

Kidudu kilipofika usawa wa kifua chake kikatulia. Vile vitambaa vikaanza kushuka na kunyooka, taratibu, kama mtu anayetandika shuka asiyetaka kumwamsha aliyelala. Vikawa mabawa. Yakawa makubwa kuliko kiganja, ya rangi ya tangawizi iliyokauka, yana mistari ya hudhurungi pembeni, na kila bawa la chini likawa na jicho, jicho kamili, lina mboni na duara la rangi ya chungwa.

"Subhana Allah," alisema Mwanamvua.

"Wifi, unaongea na nani huko?" Ashatu aliuliza kutoka jikoni. Ashatu alikuwa dada wa marehemu Bwanausi, mumewe Mwanamvua. Tangu siku ya mazishi alihamia pale kumsimamia wifi yake eda, kama ada ya kwao: alimchotea maji, alikwenda sokoni badala yake, aliugeuza uso wa kioo ukutani, na usiku alilala naye mkeka mmoja ili asilale peke yake.

"Njoo uone."

Ashatu akaja na mwiko mkononi. Alipoona akarudi nyuma hatua. "Yallah! Popo huyo!"

"Popo gani ana macho mgongoni? Nondo huyu."

"Nondo mkubwa hivi? Atakuwa amekula nini, mbuzi?"

Mwanamvua akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikatoka na kuisha, lakini Ashatu alikisikia na akainamisha uso ili macho yake yasionekane. Hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu walipomtoa Bwanausi mlangoni. Akasema tu, "Haya, mlinde mgeni wako. Mimi ugali unaungua."

Nyumba ilikuwa katika kitongoji kilicho nyuma ya Makurunge, Bagamoyo, mahali ambapo babu na baba yake Mwanamvua walifyeka pori na kupanda minazi na mikorosho. Bwanausi alipomuoa alikuja na jembe lake na redio yake, akahamia kwa mkewe, na wala hakuona haya kusema hivyo mbele za watu. "Mimi nimeolewa," alikuwa akisema, na watu wakicheka. Sasa wale waliocheka naye wengi walikuwa wamekufa au wamehama, na vijana waliobaki walijua tu kwamba pale ni kwa Bwanausi.

Siku ile ilikuwa siku ya wathamini. Ulikuwa unakuja mradi. Wengine walisema kiwanda, wengine maghala, na aliyejua hasa hakuonekana. Kila mwenye shamba alitakiwa asimame mbele ya mali yake, ashike kibao chenye namba kifuani, apigwe picha. Kila mnazi ungehesabiwa, na fidia ingekuja kwa jina la aliyeshika kibao.

"Hodi, shemeji." Sauti ilitoka nje ya ua wa makuti. Alikuwa Shuaibu, mdogo wake Bwanausi. Tangu msiba alikuwa akiongea naye hivyo hivyo, amesimama upande wa pili wa makuti, hamwoni wala haonwi. Kila Ijumaa alileta sukari na mafuta ya taa, akaviacha chini ya ua, akaondoka. Yalikuwa mambo mazuri, na Mwanamvua hakuyasahau hata baadaye.

"Karibu, baba. Habari za watoto?"

"Wazima. Shemeji, wale watu wamefika kwa jirani. Nimekuja kukwambia usihangaike kutoka. Mimi nitasimama na kibao."

Mwanamvua akasogea karibu na makuti. "Hawatauliza mwenyewe?"

"Wakiuliza nitasema yuko ndani, ana eda. Unataka utoke, kaka hajakauka kaburini, usimame mbele ya wanaume na kibao kifuani kama mwizi aliyekamatwa? Watanisema mimi. Watasema Shuaibu hakumstahi nduguye."

Alikuwa anasema kweli, au alidhani anasema kweli. Siku ile bado hakuwa na jingine moyoni.

"Sawa, baba. Mungu akulipe," alisema Mwanamvua, akarudi kumtazama nondo wake. Mabawa yalikuwa yamekauka. Yalikuwa yanapumua.

*

Mpiga picha wa wathamini alikuwa binti, jina lake Wahida, amevaa viatu vya mvua na kizibao chenye mifuko mingi. Wanaume walibaki nje wakihesabu mikorosho kwa sauti. Yeye akapiga hodi mara tatu, akaingia uani peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pita huku, usimtishe huyo."

Wahida akamwona nondo, akasimama mdomo wazi. "Mama! Umemtoa wapi?"

"Ametoka mwenyewe, chini hapo. Kuku walitaka kumla."

Binti akachuchumaa. Kwa muda wakamtazama wote wawili, mmoja katika shuka jeupe la eda na mwingine na vumbi la mashamba ya watu usoni. Kisha Wahida akakumbuka kazi.

"Mama, nje yupo baba mmoja, anasema yeye ndiye atakayesimama. Nimeuliza wanawake wa kwa jirani, wakaniambia shamba ni lako. Ni kweli?"

"Ni la baba yangu. Nimezaliwa hapa. Huu mpera nimeupanda mimi."

"Basi inabidi usimame wewe."

"Mimi nina eda, mwanangu."

"Naelewa. Pole sana. Ndiyo maana nimeingia mwenyewe." Akashusha sauti. "Wanaume watakaa huko huko. Nitakupiga hapa hapa uani, mimi na wewe tu, umejitanda, uso kidogo tu uonekane. Kibao hiki hapa."

Ashatu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anasikiliza. Mwanamvua akamtazama, na Ashatu akatazama chini. Hakutaka neno lile litoke kinywani mwake, liwe la kukubali au la kukataa.

"Na hiyo picha inakwenda wapi?" aliuliza Mwanamvua.

"Ofisini. Inaingia kwenye faili."

"Wanaoangalia hilo faili ni wanawake?"

Wahida angeweza kusema uongo. Wakati fulani baadaye alitamani angesema. "Wanawake wapo, mama. Na wanaume wapo."

"Basi, mwanangu. Mume wangu nimeishi naye tangu ujana wetu. Hakuwahi kuninyima kitu alichokuwa nacho. Sasa hana anachoniomba duniani ila nimkalie eda yake vizuri. Nitaivunja kwa ajili ya kibao?"

"Mama, nisikilize. Kule ofisini hawamjui mtu. Anayeonekana kwenye picha ndiye mwenye mali."

"Shuaibu nimempikia tangu hajaota ndevu. Akishika yeye nimeshika mimi."

Nje mtu akaita, "Wahida! Vipi huko, umepewa chai?" Wanaume wakacheka.

Binti akasimama, akafuta mikono kwenye suruali. Mwanamvua akaona uso wake umeingia huzuni, na kwa kuwa hakupenda mtu atoke nyumbani kwake na uso kama ule, akasema, "Mpige huyu, basi. Ndiye mzuri leo. Kesho hatakuwapo."

Wahida akaweka ile kamera ya kazi begani, akatoa simu yake mwenyewe. Upepo ulikuwa unalitikisa tawi, kivuli kinacheza juu ya mabawa. Mwanamvua akanyoosha mkono, akalishika tawi lisitikisike, akazuia na jua. Simu ikalia kidogo. Mara ya pili Wahida alipokaribia, nondo akafunua mabawa yote kwa ghafla, macho mawili yakawatumbulia, na wote wawili wakaruka, wakacheka kama watu waliojuana miaka.

Kisha binti akatoka. Kupitia mwanya wa makuti Mwanamvua aliona bega la Shuaibu, na pembe ya kibao cheupe, na nyuma yake mkorosho wa baba yake. Akasikia mtu akisema, "Inua kidogo. Hapo hapo. Usicheke, mzee."

Giza lilipoanza kuingia alikwenda kumtazama nondo. Shina lilikuwa tupu.

*

Wahida alirudi baada ya mvua za vuli kukatika. Safari hii hakuwa na kizibao. Alikuwa na baibui, na bahasha mkononi, na alikataa kukaa mpaka Ashatu alipomvuta mkono.

"Nimekuletea picha yako, mama. Nimeisafisha mjini Bagamoyo."

Ilikuwa kubwa, ya karatasi nzito. Nondo amejaa karibu yote, rangi zake zile zile, na pembeni mkono wa Mwanamvua umeshika tawi, kucha zina hina iliyobaki nusu, hina ya kabla ya msiba.

"Ashatu, ona. Ona alivyokuwa!"

Ashatu akaona, akasifu, akatia chai. Wahida hakuinywa.

"Mama, wamebandika majina. Nimepita kuangalia." Akasogeza kikombe kando. "Lako halipo. Shamba hili limeandikwa kwa Shuaibu. Hata jina la marehemu halipo."

"Shuaibu amesimama kwa niaba yangu."

"Hakusema kwa niaba, mama. Nilikuwa hapo. Walimuuliza, wewe ndiye mmiliki? Akasema, ni mali ya kaka, na kaka amefariki. Mwenyekiti wa kitongoji akatia saini. Nilitaka kusema. Mkubwa wangu akaniambia kazi yangu ni kupiga picha."

Ashatu aliweka birika chini. Shuaibu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

Ijumaa ile, sukari ilipowekwa chini ya ua, Mwanamvua alikuwa anasubiri.

"Shuaibu."

"Naam, shemeji."

"Shamba hili la nani?"

Nyuma ya makuti mtu alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule.

"Shemeji, mambo yalikwenda haraka. Waliuliza, nikajibu. Kwani tofauti iko wapi? Pesa ikija si yetu sote? Wewe huna mtoto. Mimi ninao sita, na wote wanakuita mama mkubwa."

"Nimekuuliza la nani."

"Kaka amelilima maisha yake yote."

"Amelilima. Nenda ukawaambie lilikuwa la nani."

"Nikiwaambia sasa watasema nilidanganya. Watanifunga. Unataka nifungwe, shemeji?" Alikuwa ameanza kulia, na hicho ndicho kilichomkata Mwanamvua maini, maana alijua kilio kile tangu utotoni mwa Shuaibu, na alijua ni cha kweli. "Nimeshanunua kiwanja Ubena kwa ahadi ya fidia. Nitakujengea chumba cha uani. Chako, na mlango wako. Wallahi."

Alipoondoka, Ashatu alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. "Nimwambie nini, wifi? Nami nitakaa kwake. Sina kwingine."

"Najua," alisema Mwanamvua. "Wewe sikuulizi."

*

Jumatatu alijitanda shuka jeupe mpaka machoni, akatoka. Ashatu hakumzuia. Alimfuata mpaka barabarani, akamsimamishia bodaboda ya mzee mmoja mwenye adabu, akamwambia, "Mpeleke polepole, ana eda." Wanawake wawili waliokuwa wakianika mihogo waliacha kazi, wakatazamana.

Ofisini Bagamoyo benchi lilikuwa limejaa. Walipoliona shuka jeupe wakajua. Mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mjane, na eda yake, kafuata hela." Mzee aliyekuwa mwishoni mwa benchi akainuka bila kusema kitu, akampa nafasi, akasimama ukutani asubuhi yote na goti lake bovu.

Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani, si mbaya. Alimsikiliza. Akageuza kompyuta ili naye aone. Shuaibu alikuwa pale, kibao kifuani, uso mkavu, mkorosho nyuma.

"Huyu unamfahamu?"

"Ni shemeji yangu."

"Basi ni mambo ya familia, mama."

"Shamba ni langu. Siku ile nilikuwa ndani."

"Kwa nini hukutoka?"

"Nina eda."

"Lakini leo umetoka."

Mwanamvua akafungua mkoba, akatoa picha aliyoifunga kwenye kitambaa, akaiweka mezani. "Siku ile ile, huu ni mpera wangu wa uani. Na huu mkono ni wangu. Binti yenu ndiye aliyepiga. Muulizeni."

Kijana akaiangalia. Akaigeuza, akaangalia nyuma, hapakuwa na kitu. "Wahida mkataba wake umekwisha, hayupo nasi tena." Kisha, pengine kwa kuwa watu walikuwa wanachungulia mlangoni, pengine kwa kuwa hakujua afanye nini, akasema, "Sasa mama, mwenye shamba ni huyu mdudu? Tumlipe yeye?"

Benchi lote likacheka. Hata yule aliyenong'ona akacheka. Mzee wa ukutani hakucheka.

Kijana aliona haya papo hapo. Akairudisha picha ndani ya kitambaa, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuwa. "Samahani, mama. Muda wa pingamizi umepita. Labda mahakamani, na huko utahitaji mashahidi wa mipaka. Wapo?"

Mwanamvua akawafikiria mmoja mmoja. Wote walikuwa makaburini, wengine ndani ya shamba lenyewe.

"Wapo," alisema, "ila hawawezi kuja."

Njiani alimwomba mzee wa bodaboda asimame msikitini. Shehe Ramadhan alikuwa barazani anashona kapu. Alipomwona akayatupa macho chini, kwa adabu, akamjibu salamu.

"Shehe, nimetoka na eda bado. Nimeivunja?"

"Umetoka kwa jambo gani?"

Akamweleza. Shehe akaacha ukili. "Hukuivunja. Kwa haja kama hiyo mwanamke hutoka mchana, anajisitiri, anarudi kwake kulala. Hata siku ile ya picha ungetoka. Ungesimama ukamaliza, ukarudi ndani."

Mwanamvua akashika nguzo ya baraza.

"Hakuna aliyeniambia, Shehe."

"Mimi ndiye niliyepaswa kukwambia," alisema mzee, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilikuja kumzika mumeo, nikala pilau, nikaondoka. Sikurudi kukuuliza unaishije."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Alimpa maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamvua akayanywa yote, maana hakutaka kumwongezea mzigo.

*

Hakutoka tena. Siku zilizobaki alizikaa kama alivyozianza, na hakumwambia mtu kwa nini. Fidia ikalipwa. Majirani wakaanza kubomoa wenyewe, wanaokoa mabati na fremu za milango. Mikorosho ya nje ya ua ilikatwa wiki moja, na jua likaingia jikoni mahali ambapo halikuwahi kuingia.

Nyumba yake tu iliachwa. Shuaibu alikuwa amekwenda kwa watu wa mradi, akawapigia magoti, wakakubali kusubiri mjane amalize eda. Alikuja kumwambia nyuma ya makuti, na alisubiri kidogo, kama mtu anayetarajia asante. Mwanamvua akamwambia asante.

Asubuhi ya kutoka eda wanawake waliobaki walikuja mapema, si wengi. Ashatu alikuwa amewasha moto tangu alfajiri. Walimwogesha kwa maji ya uvuguvugu yenye mwasumini, wakamvua shuka jeupe, wakamkata kucha, wakamsuka. Mmoja alimletea kanga mpya, ya dukani, bado ina gundi, na kila mtu alijua mwenyewe hana akiba. Ashatu akamtia udi. Akamfunga kanga kiunoni, akamtanda nyingine, akairekebisha begani mara mbili, mara tatu, ingawa ilikuwa imekaa sawa tangu mara ya kwanza.

Nje tingatinga lilikuwa limefika. Dereva hakuliwasha. Alikuwa amekaa chini ya kivuli chake anakula mhogo, mtu wa watu, anasubiri aambiwe. Gari la mizigo la Shuaibu lilikuwa barabarani, limepakia kitanda na masufuria.

"Haya, wifi," alisema Ashatu, amemshika mkono kizingitini. "Eda imekwisha. Mungu akupokelee. Sasa uko huru, toka."

Mwanamvua alitazama uwanja. Akatazama kizingiti. Mguu wake uliinuka kidogo, ukarudi pale pale.

"Ashatu," alisema polepole, "mlihesabu kwa mwezi au kwa kalenda?"

"Kwa mwezi, wifi. Ulivyoandama."

"Usiku ule wa kwanza palikuwa na mawingu. Huenda mwezi haukuonekana. Huenda mlianza mbele." Alikuwa ameushika mwimo wa mlango. "Hebu hesabuni tena. Inaweza kuwa bado siku moja."

Wanawake wakatazamana. Hesabu ilikuwa sawa, kila mmoja wao alikuwa ameihesabu nyumbani kwake. Nje dereva alisimama, akapangusa mikono, akatazama mlangoni.

Ashatu akarudi ndani. Akakaa mkekani, akamvuta wifi yake akakaa karibu naye, akafungua vidole vyake, akaanza upya tangu usiku wa kwanza, polepole sana.